Kelele za Mashine na Ubongo Unaosikia



Watu waliokaa miaka mingi kwenye mashine za kufumia nguo, kwenye korona za mkonge au kwenye mitambo ya kusaga miwa wana lalamiko moja ambalo halisikilizwi ipasavyo. Husema hivi: "Sauti yako naisikia, lakini sielewi unasema nini." Nyumbani, pakiwa kimya, mtu huyo huzungumza na jamaa zake bila taabu. Akiingia mkutanoni au sokoni, au penye redio iliyofunguliwa, maneno humchanganyikia. Akipelekwa kupimwa huvalishwa vyombo vya kusikilizia, huletewa milio midogo mmoja mmoja, naye huinua mkono kila anapousikia. Mara nyingine matokeo huwa mazuri tu. Basi huambiwa masikio yake ni mazima, arudi kazini. Na wapo wanaoambiwa kwamba wanatafuta kisingizio cha kukwepa zamu.

Sisi tunasema mtu huyo asiitwe mwongo kabla hatujajua kusikia ni kitu gani. Makala hii inaeleza mambo ambayo mabingwa wa sayansi wamejifunza kwa wanyama, kwa muda wa miaka zaidi ya 140, kuhusu ile sehemu ya ubongo inayoshughulikia sauti. Ni habari za paka, kima, popo na panya. Lakini tukifika mwisho wake kila mtu ataona kwa nini tumezileta katika gazeti la wafanyakazi.

Tuanze na sikio, nalo tutalipita upesi. Sauti ni mtetemo wa hewa. Mtetemo huo hugonga ngoma ya sikio, ngoma ikatikisa vifupa vitatu vidogo, navyo vikasukuma maji yaliyomo ndani ya mfupa uliojiviringa kama nyumba ya konokono. Humo ndani, katika kila sikio la binadamu, mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo. Kiasi cha 3,500 kati ya hizo ndizo zinazopeleka karibu habari zote kwenye ubongo. Nyingine kazi yake kubwa ni kuongeza nguvu ya mtetemo. Zimejipanga kwa utaratibu. Zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba kama filimbi, na zilizo ndani kabisa hupokea sauti nzito kama ngurumo ya injini. Seli hizo za binadamu zikifa, hazioti tena. Kuku na ndege wengine huziotesha upya, jambo lililogunduliwa katika miaka ya 1980, lakini sisi na wanyama wenzetu wanaonyonyesha hatukujaliwa hivyo.

Watu wengi hudhani kwamba habari ya kusikia inaishia hapo. Kumbe hapo ndipo inapoanza. Kutoka kwenye konokono ile mshipa wa fahamu hupeleka ishara kwenye vituo kadhaa vilivyo chini ya ubongo, ambako habari za sikio la kulia na la kushoto hukutanishwa na kulinganishwa. Ndipo hufika kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, ambalo kwa binadamu unene wake ni milimita 2 hadi 4 tu. Ukiweka kidole juu kidogo ya sikio lako, ndani ya fuvu mahali hapo, katika mkunjo wa ubongo, ndipo lilipo gamba la kusikia. Mabingwa huliita koteksi ya kusikia. Paka anayo, popo anayo, na mbwa anayelinda ghala usiku anayo.

Ilijulikanaje kwamba sehemu hiyo ndiyo ya kusikia? Mwezi wa Agosti 1881 madaktari wa nchi nyingi walikutana London, na mabishano makubwa yalizuka. Profesa mmoja kutoka Strasbourg, Friedrich Goltz, alishikilia kwamba ubongo haukugawanywa katika idara, kila sehemu na kazi yake. Alileta mbwa aliyekatwa vipande vikubwa vya gamba la ubongo, na mbwa huyo bado aliweza kutembea na kusikia. Daktari David Ferrier wa London alipinga. Alileta kima wawili. Mmoja alikuwa ameondolewa sehemu ya ubongo iliyo karibu na masikio, pande zote mbili. Fataki ikalipuliwa. Kima wa kwanza alishtuka, na yule aliyekatwa hakujali hata kidogo.

Hapa tuseme wazi kwamba majaribio ya namna hii yalikuwa na ukatili, na hata wakati ule watu walilalamika. Novemba ya mwaka huohuo Ferrier alishtakiwa mahakamani kwa sheria ya kuzuia kuwatesa wanyama. Kesi ilifutwa, kwa sababu upasuaji wenyewe ulikuwa umefanywa na mwenzake, Gerald Yeo, ambaye alikuwa na leseni. Hatuyasifu mambo hayo. Lakini maarifa yaliyopatikana yapo, na tusipoyatumia sisi, mateso yale yatakuwa ya bure.

Hata hivyo ushindi wa Ferrier haukudumu. Mwaka 1888 wataalamu wengine, Edward Schäfer na Sanger Brown, walisema wamefanya upasuaji kama ule na kima wao bado wanasikia. Nani alikuwa mkweli? Jibu zuri lilikuja karibu miaka 100 baadaye. Mwaka 1986 Henry Heffner na Rickye Heffner wa Marekani walieleza kwamba kima wakiondolewa gamba la kusikia pande zote mbili, mwanzoni huwa kama viziwi kabisa. Kisha polepole usikivu hurudi kwa kiasi, lakini haurudi wote. Kwa hiyo kila mmoja wa wale wazee alikuwa ameshika upande wake wa ukweli.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ikiwa mnyama asiye na gamba hilo bado anaweza kusikia mlio, basi gamba lina kazi gani?

Paka ndio waliotufundisha. Kwanza, mwaka 1942, Clinton Woolsey na Edward Walzl wa Baltimore waligusa kwa umeme sehemu mbalimbali za konokono ya sikio la paka, wakaangalia ni wapi gamba linajibu. Wakakuta gamba limepangwa kama ramani: mahali pa sauti nzito, mahali pa sauti za kati, mahali pa sauti nyembamba, kwa mpangilio uleule wa sikioni. Katika miaka ya 1950 William Neff na wenzake wa Chicago wakaendelea. Paka waliokwisha kuondolewa gamba la kusikia waliweza kutambua kwamba mlio umebadilika, umekuwa mwembamba au mzito zaidi. Jambo hilo liliwashangaza wengi. Lakini walipochezewa milio mitatu kwa mfululizo, mzito, mwembamba, mzito, kisha ikageuzwa ikawa mwembamba, mzito, mwembamba, paka hawakuweza tena kutofautisha. Milio ni ileile, masikio ni yaleyale. Kilichopotea ni mpangilio. Na lugha ni nini kama si mpangilio wa sauti? "Lima" na "mali" zina sauti zilezile.

Jaribio lao la pili linatugusa zaidi sisi tunaofanya kazi kati ya mashine. Paka aliwekewa visanduku vya chakula, na kengele ikalia penye sanduku moja. Paka mzima alikwenda moja kwa moja palipolia. Paka asiye na gamba aliisikia kengele, akajua kwamba chakula kipo, lakini hakujua aende wapi. Mwaka 1984 William Jenkins na Michael Merzenich walionyesha kwamba paka akiumizwa gamba la upande mmoja tu, hushindwa kutafuta sauti zinazotoka upande wa pili wa mwili wake. Na akiumizwa kipande kidogo tu cha ile ramani, hushindwa kwa sauti za kipande hicho peke yake, na nyingine hazimsumbui. Fikirini trekta linalorudi nyuma katika uwanja wa kiwanda. Kulisikia tu hakutoshi. Mtu lazima ajue linatoka wapi, tena kabla hajageuza shingo.

Popo naye tusimwache, kwani mfano wake ni wa ajabu. Yuko popo mmoja wa Amerika ya Kati ambaye huwinda wadudu gizani kwa kupiga kelele na kusikiliza mwangwi. Sehemu kubwa ya nguvu ya kelele yake ina mitetemo kama 61,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu mwisho wake ni 20,000 hivi. Nobuo Suga, mtaalamu mzaliwa wa Japani aliyefanya kazi Marekani, aligundua katika miaka ya 1970 kwamba karibu theluthi ya gamba la kwanza la kusikia la popo huyo imetengwa kwa ajili ya mlio huo mmoja tu na mabadiliko yake madogo madogo. Popo akiruka kumwelekea mdudu, mwangwi hurudi ukiwa mwembamba kuliko alivyolia, kwa sababu ya mwendo wake. Basi yeye hushusha sauti yake kidogo ili mwangwi uangukie palepale ubongo wake ulipojiandaa kusikiliza. Kupepea kwa bawa la mdudu huonekana humo kama mtikisiko mdogo wa mlio. Kila mnyama, basi, gamba lake limetenga nafasi kubwa kwa sauti zinazomlisha.

Na zinazomkutanisha na wenzake. Kina Heffner, mwaka 1984, walifundisha kima wa Japani kutofautisha aina mbili za miito ambayo kima hao huitana, miito inayofanana sana. Kima waliopasuliwa gamba la kushoto walishindwa kwa muda, kisha wakajifunza tena. Kupasuliwa la kulia peke yake hakukuwadhuru. Lakini yalipoondolewa yote mawili, hawakuweza tena kabisa kutofautisha miito ya wenzao. Walikuwa wakisikia kwamba kuna mwenzao anayeita. Anasema nini, hawakujua.

Tena gamba halipokei tu kama pipa lililowekwa chini ya mchirizi. Mwaka 1959 David Hubel, ambaye mwaka 1981 alikuja kupata tuzo ya Nobel kwa kazi yake kuhusu macho, pamoja na wenzake watatu, walitia nyaya nyembamba katika gamba la kusikia la paka waliokuwa macho. Walikuta seli ambazo hazikujibu sauti hata kidogo paka alipokuwa hajali, na zikajibu mara paka alipotega sikio. Sauti haikubadilika. Kilichobadilika ni nia ya msikilizaji. Ndiyo maana mtu aliyechoka baada ya saa kumi za zamu husikia vibaya kuliko alivyosikia asubuhi, ingawa masikio ni yaleyale mawili.

Sasa, kelele. Tulizoea kuambiwa kwamba kelele huua seli za sikioni, basi. Hilo ni kweli, wala lisipuuzwe. Lakini mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston walitangaza habari ya kutisha. Waliwaweka panya wadogo katika kelele ya desibeli 100 kwa saa mbili tu. Usikivu ulipungua, na baada ya majuma mawili ukarudi. Kwa kipimo cha kawaida panya walikuwa wamepona. Walipochungulia ndani ya sikio wakakuta seli zenye vinyweleo zipo zote, lakini viungo vinavyoziunganisha na mishipa ya fahamu vimekatika, katika sehemu nyingine karibu nusu yake. Gamba la ubongo halikuwa linaletewa habari kamili tena, na kipimo cha milio midogo hakikuona kitu.

Gambani kwenyewe huwaje? Mwaka 1989 Donald Robertson na Dexter Irvine wa Australia walionyesha kwamba sehemu ya sikio ikifa, kile kipande cha ramani kilichokuwa kikiihudumia hakikai bure. Baada ya majuma machache huanza kujibu milio ya jirani. Shamba lililoachwa hulimwa na mwenye shamba la pili. Sauti iliyopotea hupotea, na mpaka wa jirani huvimba. Wataalamu wengi wanaona kwamba mabadiliko ya ubongo ya namna hii yanahusika na ule mlio wa masikioni, zii zii usiokwisha, ambao wenzetu wengi wanalala nao.

Lililotushtua sisi zaidi ni hili la 2009 na 2010. Martin Pienkowski na Jos Eggermont wa Calgary, nchini Kanada, waliwaweka paka wazima katika sauti ya wastani, chini ya desibeli 85, kwa majuma mengi. Masikio hayakudhurika. Lakini gamba la kusikia lilikuwa limeacha kujibu vizuri milio iliyokuwamo katika kelele ile, likajibu mno milio ya pembeni yake. Kisha wakafanya kama kiwandani: saa 12 kelele, saa 12 kimya, kila siku. Hata hivyo gamba lilibadilika, na sikio likabaki zima. Mwaka 2012 Xiaoming Zhou na Merzenich nao walieleza kwamba panya wakubwa waliowekwa katika kelele ya desibeli 65 walizidi kushindwa kutofautisha sauti.

Mwajiri atasema wafanyakazi si paka. Ni kweli, na sisi hatudai kwamba kila kilichompata paka kitampata mfumaji. Lakini gamba la mtu limejengwa kwa utaratibu uleule, na kama mwenye kiwanda anakubali dawa zijaribiwe kwa panya kabla ya yeye kuzimeza, basi asitucheke tunapotaja panya katika habari ya kelele. Angalau jambo moja limethibitika: mnyama anaweza kupita kipimo cha milio midogo na bado akawa na hitilafu katika njia ya kusikia. Basi daktari wa kampuni asimfukuze mtu chumbani kwa karatasi moja ile tu. Kipo kipimo kingine, ambacho mtu husikilizishwa maneno huku kelele ikipigwa nyuma yake, akatakiwa kuyarudia. Hicho ndicho kinachofanana na maisha yake.

Liko na la watoto. Mwaka 2003 Edward Chang na Merzenich walilea panya wachanga ndani ya kelele isiyokatika. Ramani ya gamba lao haikukomaa kwa wakati wake. Ilibaki changa, kana kwamba inangoja sauti zenye maana. Kelele ilipoondolewa, ikaendelea kukomaa. Kuna makambi ya wafanyakazi yaliyojengwa ukutani mwa kinu kinachosaga usiku na mchana. Akina mama wanaolala humo na watoto wachanga hawahesabiwi katika kipimo chochote cha kelele, kwa kuwa wao hawamo kazini.

Kwa wasio na chombo cha kupimia, kuna njia rahisi. Ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele hapo inakaribia desibeli 85 au imezidi. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini ilipendekeza mwaka 1998 kwamba desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka 3, muda ukatwe nusu: 88 kwa saa 4, na 91 kwa saa 2. Kumbukeni kwamba mipaka hiyo iliwekwa kwa kuhesabu madhara ya sikio. Gamba la ubongo halikuhesabiwa.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 148 mwaka 1977, kuhusu hewa chafu, kelele na mtetemo kazini. Tanzania na Zambia ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Mkataba unataka kelele ipunguzwe kwanza kwenye mashine yenyewe na katika mpango wa kazi. Vizibo vya masikio ni pale hayo yaliposhindikana kutosha. Mara nyingi tunaona kinyume chake: vizibo vinagawiwa siku ya kwanza, na mashine iliyolegea inaendelea kupiga makelele miaka kumi. Unataka pia afya ya wafanyakazi ichunguzwe bila wao kulipa, na mtu ambaye daktari amesema asiendelee hapo atafutiwe kazi nyingine inayomfaa au alindiwe kipato chake kwa njia ya hifadhi ya jamii.

Kifungu cha 5 kinasema wawakilishi wa wafanyakazi wapewe nafasi ya kufuatana na wakaguzi, isipokuwa mkaguzi akiona kwamba jambo hilo litaharibu kazi yake. Matawi yaandike katika daftari siku ambayo mkaguzi alifika mara ya mwisho, alipima kelele kwenye mashine zipi, mashine zikiwa zinafanya kazi au zimezimwa, na nani upande wa wafanyakazi alikuwa amesimama naye.